Miradi Mingi, Watu Walewale

Kazi yangu ni kuratibu ratiba za miradi. Idara ninayoihudumia huendesha miradi kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja ukiwa na meneja wake, bajeti yake na tarehe yake ya kukabidhiwa, lakini wahandisi, mafundi na mashine ni walewale. Meneja anapofungua faili ya mradi wake huona mambo yote yamenyooka: shughuli zimefuatana, mihimili ya chati ya Gantt, inayoonyesha muda wa kila shughuli, inashuka ngazi kwa ngazi, na hakuna alama nyekundu hata moja ya kuonya kwamba mtu amezidiwa. Matatizo hujitokeza pale tu faili zote zinapowekwa pamoja, na kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyepewa jukumu la kuziweka pamoja.

Aliyetufungua macho ni mhandisi wa majaribio. Alikuwa peke yake mwenye ujuzi huo, na mameneja watatu walikuwa wamempangia kazi katika juma moja, kila mmoja akichukua asilimia 50 ya muda wake. Hakuna kati yao aliyekosea hesabu, kwa kuwa nusu ya muda wa mtu ni ombi la kawaida kabisa. Lakini juma lenye siku 5 za saa 8 lina saa 40, na jumla ya waliyomwandikia ilikuwa saa 60. Yeye mwenyewe alinijia mezani na karatasi tatu mkononi, akaziweka moja juu ya nyingine, akasema, “Ndugu mratibu, ratiba zote nimezipokea, na zote zinanitaka Jumatatu asubuhi. Nianze na ya nani?” Swali lile halikuwa na jibu katika faili yoyote, na hata baada ya kuifahamu vizuri programu ya ratiba, bado naamini kwamba jibu la swali hilo halitoki kwenye programu.

Inafaa kukumbuka zana hizi zilitoka wapi. Mbinu ya njia muhimu, yaani ya kutafuta mlolongo wa shughuli unaoamua mradi utaisha lini, ambayo ndiyo moyo wa karibu kila programu ya ratiba, iliasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na wataalamu wa kampuni ya DuPont wakishirikiana na wa kampuni ya Remington Rand, na hesabu zake zikafanywa kwa kompyuta ya UNIVAC. Katika umbo lake la msingi, hesabu hiyo hutazama mambo mawili: kila shughuli inachukua muda gani, na ni ipi inayopaswa kuisubiri nyingine. Haiulizi kama fundi yupo. Ukiziacha shughuli mbili bila kuzifunga kwa utegemezi wowote, itazianzisha siku moja hata kama mtu wa kuzifanya ni mmoja. Habari ya rasilimali huja baadaye, kama tabaka la pili juu ya hesabu ya kwanza, na kadiri miradi inavyoongezeka ndivyo tabaka hilo linavyozidi kuwa kazi yenyewe.

Katika Microsoft Project tunayoitumia, njia ya msingi ya kugawana watu ni kuwa na faili moja inayobeba orodha ya rasilimali peke yake, bila shughuli yoyote ndani, kisha kila faili ya mradi inaunganishwa nayo. Sisi tuliiita hifadhi. Mtu akipangiwa kazi katika mradi mmoja, saa zake huonekana kwenye hifadhi na, kupitia hifadhi, huonekana kwa mameneja wengine. Wakati wa kuunganisha, programu huuliza taarifa za upande upi zishinde endapo zitatofautiana, za hifadhi au za mradi. Msimamo wangu ni kwamba hifadhi ishinde daima. Meneja anayebadilisha kalenda ya fundi kwenye faili yake ili Jumamosi iwe siku ya kazi huenda ana sababu nzuri, lakini akiruhusiwa kuipeleka kwenye hifadhi, atakuwa ameiuza Jumamosi ya fundi huyo kwa miradi yote, na pengine fundi mwenyewe hana habari.

Kuna pia suala la nani aruhusiwe kuandika kwenye hifadhi. Mtu anapoifungua kwa ruhusa ya kuandika, wengine hawawezi kuisasisha mpaka aifunge, na hakuna kinachoudhi kama hifadhi iliyofungwa na mtu aliyekwenda likizo akaacha kompyuta yake ikiwaka. Tulikubaliana kwamba mameneja wote huifungua kwa kusoma tu, jambo ambalo haliwazuii kupeleka mabadiliko yao wanapohifadhi faili zao, na mratibu peke yake ndiye anayeifungua kwa kuandika, tena kwa muda mfupi, kuongeza mtu mpya, kurekebisha likizo au kuondoa aliyehama.

Sehemu iliyonichosha zaidi kuliko nilivyotarajia ni majina. Programu humtambua mtu kwa jina lililoandikwa, basi. Mradi mmoja ukiwa na “Fundi Mitambo”, wa pili “Fundi wa Mitambo” na wa tatu jina la fundi mwenyewe, siku ya kuunganisha hifadhi hupata watu watatu, kila mmoja akiwa huru kwa asilimia 100, na taarifa ya mzigo wa kazi hutoka safi kabisa wakati fundi wa kweli anakaribia kuanguka kwa uchovu. Nilikaa na orodha zote, nikazilinganisha mstari kwa mstari, nikawauliza mameneja kila jina linamhusu nani, na kuandika kanuni ya uandishi wa majina isiyozidi ukurasa mmoja. Ilikuwa kazi isiyo na fahari yoyote, na ndiyo iliyobadilisha taarifa zetu kuliko kipengele chochote cha programu.

Mashine nazo zina mtego wake. Kreni ya kukodi watu wengi huiingiza kama rasilimali ya vifaa, pamoja na saruji na nyaya, kwa kuwa akilini mwao kreni ni kifaa. Lakini katika programu hii aina hiyo ni ya vitu vinavyotumika vikaisha, na kusawazisha mzigo, yaani programu kusogeza kazi ili mtu au mashine isizidiwe, hakuvigusi kabisa. Kreni inayohitajika na miradi miwili siku moja lazima iandikwe kama rasilimali ya kazi, yenye kalenda na kikomo cha uwezo sawa na mtu, la sivyo mgongano wake hautaonekana popote.

Halafu kuna miradi iliyokufa ambayo bado inakula saa za watu. Meneja mmoja alikuwa na desturi njema ya kuhifadhi nakala ya ratiba yake kwa jina jipya kila mwisho wa mwezi. Nakala ile ilibaki imeunganishwa na hifadhi kama ilivyokuwa faili ya asili, na hifadhi ikaanza kuihesabu shughuli ileile mara mbili. Kreni ikaonyeshwa kuhitajika kwa asilimia 200 katika juma ambalo kwa kweli lilikuwa na mteja mmoja tu, na mameneja wengine wakaanza kusogeza kazi zao kukwepa msongamano usiokuwapo. Tangu hapo, kila mwezi hufungua orodha ya faili zilizounganishwa na hifadhi, nakata viungo vya nakala na vya miradi iliyokabidhiwa, na kuthibitisha kwamba hakuna faili iliyohamishwa folda kimyakimya. Anayetaka kutunza kumbukumbu ya mwezi atunze nakala iliyokwisha kutenganishwa na hifadhi.

Hifadhi ilipotulia, alama nyekundu zilimwagika kila mahali, na hofu ikatanda. Hapo ilibidi kutofautisha nyekundu na nyekundu. Mtu mwenye shughuli mbili za saa 4 kila moja, zote zikiwa zimeandikwa kuanza saa mbili asubuhi, ataonekana amezidiwa, kwa kuwa kwa saa zile nne za mwanzo anatakiwa mahali pawili kwa asilimia 100. Lakini jumla ya siku yake ni saa 8, na yeye mwenyewe atazipanga moja baada ya nyingine bila kumuuliza mtu. Programu inakubali kuelekezwa itafute mgongano kwa kipimo cha saa, siku, juma au mwezi. Sisi tulichagua siku kwa mashine na juma kwa watu, na nyekundu nyingi zikapoteza maana yake. Zilizobaki ndizo zilizostahili kikao.

Ndipo watu wakaanza kuniuliza kwa nini nisibonyeze tu amri ya kusawazisha. Niliibonyeza, juu ya nakala, katika faili kuu iliyokusanya miradi yote ndani yake. Ni vizuri kuelewa amri hiyo inafanya nini hasa. Haimwongezi mtu saa, haimtafuti mbadala wake, wala haimpunguzii kazi. Inachoweza ni kuichelewesha shughuli au kuikata vipande na kuvitawanya mpaka mgongano uishe. Katika kuchagua shughuli ipi isubiri, hutazama utegemezi, nafasi ya kuchelewa iliyobaki (siku ambazo shughuli inaweza kuchelewa bila kusogeza mwisho wa mradi), tarehe, vipaumbele na masharti yaliyowekwa kwenye shughuli. Wala haitoi ahadi kwamba ratiba itakayotokea ndiyo fupi kuliko zote zinazowezekana. Kupanga shughuli nyingi zenye rasilimali zenye kikomo ni tatizo ambalo hadi leo hakuna mbinu inayojulikana ya kulipatia jibu bora kwa uhakika na kwa muda mfupi pindi linapokuwa kubwa, kwa hiyo programu hutumia kanuni za makisio na kuridhika na jibu linalokubalika.

Matokeo yake yalikuwa na jambo la kufundisha. Mradi uliosukumwa mbali kuliko yote haukuwa ule ambao uongozi ungeuchagua. Ulikuwa mradi ambao meneja wake hakuunganisha shughuli zake ipasavyo. Shughuli zilizoning’inia bila kitu mbele yake zilionekana kuwa na nafasi kubwa ya kuchelewa, na programu, kwa haki kabisa kulingana na ilichoambiwa, ikaona hizo ndizo za kusubiri. Upande wa pili ulikuwapo mradi ambao haukusogea hata siku moja, kwa sababu meneja wake alikuwa amezifunga shughuli nyingi kwa sharti la kuanza tarehe maalumu, na amri ya kusawazisha haizigusi shughuli za namna hiyo. Habari zikaenea, kama zinavyoenea, kwamba ukitaka mradi wako usiguswe, gongomea tarehe. Kama tungeendelea hivyo, baada ya muda kila faili ingekuwa imegongomelewa, na programu ingebaki bila cha kusogeza.

Kwa hiyo tuliweka sharti kabla ya yote: faili haiingii kwenye hesabu ya pamoja mpaka kila shughuli iwe na inayoitangulia na inayoifuata, isipokuwa ya kwanza na ya mwisho, na kila tarehe iliyofungwa iwe na maelezo ya kwa nini imefungwa, kwa mfano kibali kinachotolewa siku fulani au kiwanda kitakachozimwa siku fulani. “Mkurugenzi anataka hivyo” si maelezo. Hilo lilileta maneno, lakini lilipita.

Baada ya hapo ndipo vipaumbele vikawa na maana. Katika Microsoft Project kila mradi na kila shughuli hupewa namba kati ya 0 na 1000, na namba ya kawaida usipoigusa ni 500. Namba 1000 maana yake ni kwamba shughuli isisogezwe kabisa. Miradi inapogombea mtu mmoja, namba ya mradi huangaliwa kabla ya namba ya shughuli. Miradi yetu yote ilikuwa na 500. Kwa maneno mengine, tulikuwa tumeiambia programu kwamba hatujali nani asubiri, halafu tukakasirika ilipochagua. Wanaohamia Primavera P6, programu nyingine ya ratiba, inafaa wawe waangalifu hapa, maana huko kipaumbele cha mradi katika kusawazisha huenda kutoka 1 hadi 100, na 1 ndiyo ya juu kabisa. Anayezoea kwamba namba kubwa ni heshima kubwa atazipanga kinyume na asitambue mpaka matokeo yatoke. Kwa upande mwingine, Primavera ina faida yake: rasilimali hukaa kwenye hifadhidata moja tangu mwanzo, na unaweza kuielekeza izingatie pia kazi za miradi usiyoifungua, ilimradi vipaumbele vyake ni sawa na kiwango fulani au vinakizidi. Hakuna faili za kuunganisha, hakuna nakala za mizimu. Swali la nani asubiri linabaki palepale.

Namba zile za vipaumbele sikuzipanga mimi, na nilikataa kuzipanga nilipoombwa. Mratibu hana mamlaka ya kusema kwamba mradi wa mteja fulani usubiri wa mteja mwingine, na akijipa mamlaka hayo kwa kubonyeza kitufe, mameneja watagundua, nao hawataipeleka tena taarifa ya kweli kwenye hifadhi. Nilichofanya ni kupeleka kwa mkurugenzi orodha ya miradi na kumwomba aipange kutoka juu hadi chini, bila miradi miwili kulingana. Alianza kwa kusema kwamba yote ni muhimu. Nikamwonyesha juma la mhandisi wa majaribio, saa 60 ndani ya 40, nikamuuliza saa 20 zitoke wapi. Akaipanga.

Tulipofika hapo, yule mhandisi akatufungulia jambo lingine. Kwa kuwa sasa kila mradi ulijua nafasi yake, mameneja wa chini waliomba angalau wapewe kipande kidogo cha muda wake kila juma, wasikae bure. Yeye alikataa, na hesabu ilikuwa upande wake. Chukua kazi tatu za siku 10 kila moja. Akizifanya moja baada ya nyingine, ya kwanza hukamilika siku ya 10, ya pili ya 20, ya tatu ya 30. Akizifanya kwa zamu, siku moja moja kwa kila kazi, ya kwanza hukamilika siku ya 28, ya pili ya 29, ya tatu bado ni ya 30. Wa tatu hakupata kitu, na wawili wa kwanza wamepoteza majuma. Hapo hatujahesabu muda wa kuvunja mitambo ya majaribio na kuifunga upya kila anapobadili mradi. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu alikuwa anashikishwa tatu. Katika programu, asilimia 33 kwa miradi mitatu huonekana kama suluhisho la busara, kwa kuwa jumla haizidi 100 na nyekundu hupotea. Mimi sasa nikiona asilimia ndogondogo zimetapakaa kwa mtu mmoja huziona kama dalili kwamba kuna uamuzi ulioahirishwa.

Hata asilimia 100 yenyewe ina utata. Mtu hushiriki vikao, hujibu simu za miradi iliyokwisha kukabidhiwa, huugua, hufundisha wageni kazini. Badala ya kubishana kuhusu ni kiasi gani, tulifungua faili ya mradi wa shughuli za kawaida, tukaiunganisha na hifadhi na kuingiza humo saa hizo kama kazi nyingine yoyote, yenye kipaumbele cha juu kwa sababu hazikwepeki. Kilichobaki ndicho kinachogawanywa, na hata hicho hatukijazi chote kwa watu wanaongojewa na wengi. Katika modeli rahisi ya foleni yenye mhudumu mmoja na kazi zinazoingia bila mpangilio, mhudumu anayetumika kwa asilimia 80 huwafanya wanaofika wasubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa kazi moja. Kwa asilimia 90 ni mara 9, na kwa asilimia 95 ni mara 19. Miradi si foleni ya namna hiyo hasa, kwa kuwa kazi nyingi zinajulikana mapema, lakini mwelekeo ni uleule, na mkurugenzi aliyekuwa akiona muda wazi wa mtaalamu kama uzembe alibadilika alipoziona namba hizo.

Utaratibu uliobaki ni wa kawaida. Kila Alhamisi mameneja hupeleka maendeleo halisi, saa zilizofanyika na zilizobaki, kwa maana ratiba isiyo na maendeleo halisi husawazisha kazi zilizokwisha kufanyika. Ijumaa asubuhi mimi huendesha kusawazisha kwenye nakala, mara ya kwanza kwa sharti la kutovuka nafasi ya kuchelewa iliyopo, ili kuona ni migongano ipi inayomalizika bila kugusa tarehe ya mwisho ya mradi wowote. Hiyo huidhinishwa bila kikao. Inayosalia huenda mezani ikiwa imeandikwa kwa lugha ya watu: fulani anatakiwa na mradi huu na ule kwa siku hizi, akienda huku, kule kutachelewa siku kadhaa, akienda kule, huku. Mameneja wakikubaliana, vizuri. Wasipokubaliana, orodha ya mkurugenzi inaamua, na uamuzi unaandikwa kwenye maelezo ya shughuli yenyewe pamoja na jina la aliyeuamua. Kusawazisha kwa kujiendesha, ambako programu husogeza kazi kila mtu anapobadilisha chochote, tumekuzima kwenye kompyuta zote.

Mradi mpya sasa hauingii na majina ya watu. Unaingia na majina ya kazi tu, fundi umeme wawili, mhandisi wa majaribio mmoja, ili tuone kama uwezo upo kwa jumla kabla ya meneja mpya hajamzoea mtu fulani na kumwona wake. Majina halisi huwekwa majuma machache kabla ya kazi kuanza. Kinachotusumbua hadi sasa ni makandarasi wadogo, ambao wana wateja wengine nje ya hifadhi yetu na kalenda zao hatuzioni. Kwao tunaandika siku walizothibitisha kwa maandishi peke yake, na siku nyingine zote tunazihesabu kuwa si za kazi.